Uwanja wetu ni wa vijana tu: tufanyeje uwe wa mtaa mzima?

*Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha mazoezi mjini Morogoro. Mtaani kwetu kuna uwanja wa wazi. Vijana wanacheza mpira kila jioni, na sisi tunakimbia Jumamosi asubuhi. Tumekubaliana tuanzishe programu ya michezo na burudani kwa watu wa rika zote, wakiwemo wazee na wenye ulemavu. Tumepita na spika mara kadhaa tukitangaza, lakini wanaokuja ni walewale. Wanachama wengi wanataka tuchangishane kwanza tununue bembea, vyombo vya mazoezi na fulana. Wengine wanaogopa kuwapokea watu wenye ulemavu kwa kuwa hatuna mtaalamu. Tuanzie wapi, na je, tutoze ada?*

Ndugu Katibu, msianze na bembea wala fulana. Anzeni na orodha ya wasiokuja, kisha mkawaulize mmoja mmoja kinachowazuia. Mkinunua vifaa leo, watakaovitumia ni haohao wanaokuja sasa. Bembea haimtoi nyumbani mtu aliyezuiwa na mtaro, na saa ya mazoezi iliyogongana na saa ya kupika haitatuliwi na fulana. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nimekaa na vikundi vingi vya mazoezi, na karibu vyote hutafuta pesa kabla ya kutafuta sababu.

Tangazo la spika humfikia yule ambaye tayari anajiona amealikwa. Mama wa miaka 68 akisikia "karibuni mazoezini" anajua mnawaita vijana wenye raba. Baba mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo hata hageuki kusikiliza, kwa sababu maisha yake yote tangazo la namna hiyo halijawahi kumhusu mwanawe. Watu hawa wanataka kuitwa kwa jina, mlangoni kwao, na mtu wanayemfahamu. Mtafuteni mjumbe wa serikali ya mtaa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wawili wanajua ni nyumba gani ina mzee asiyetoka, na ni nyumba gani mtoto hafiki shule kwa sababu ya miguu.

Mkifika, mzungumzeni na mhusika mwenyewe, na mlezi awepo kando. Nalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi mlezi hujibu kwa upendo na kwa hofu: "Huyu hawezi." Ukimgeukia kijana mwenyewe ukamuuliza anapenda nini, utasikia anajua matokeo ya Simba na Yanga ya miaka mitano nyuma na anatamani kuwa mwamuzi. Ulizeni mambo matatu tu: zamani ulipenda mchezo gani au ngoma gani, nini kinakuzuia kufika uwanjani, na ungependa kuja na nani. Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana, maana wazee wengi hawatakuja peke yao ila watakuja na jirani wa upande wa pili wa ua. Kwa kiziwi, nendeni na anayejua lugha ya alama. Akikosekana, andikianeni kwenye simu kama anasoma, wala msimalizane na ndugu yake kwa ishara za kubahatisha.

Baada ya hapo, tembeeni njia. Mchukueni mtu mmoja anayetumia kitimwendo, mmoja anayetembea na fimbo nyeupe na bibi mmoja mwenye magoti mabovu, muondoke nao kutoka nyumbani hadi katikati ya uwanja, nyie mkiwa kimya na daftari mkononi. Hapo mtaona mtaa wenu upya. Mtaro wa maji ya mvua ambao nyie mnauruka bila kuufikiria ndio mwisho wa safari ya mtu wa kitimwendo. Mchanga laini langoni unameza magurudumu. Bodaboda zimeegeshwa palepale penye upenyo. Kipande cha nondo kilichobaki kwenye goli la zamani kiko usawa wa kifua cha mtu asiyeona.

Mengi ya hayo yanarekebishika kwa fundi mmoja na siku moja ya kujitolea. Mtaro wekeeni zege la kuvukia lenye upana wa mita moja na nusu hivi, lenye kingo ndogo pembeni ili gurudumu lisichomoke. Penye kidato, jengeni mteremko. Kipimo kinachotumika kimataifa ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Mafundi wetu hupenda kuujenga mfupi ili kuokoa saruji, na matokeo yake ni kitu kinachoonekana vizuri kwenye picha lakini mtu hawezi kukipanda bila kusukumwa na wawili. Simameni na futi mkononi wakati zege linamwagwa. Kuanzia langoni hadi kwenye kivuli, shindilieni changarawe kwenye njia ya mita moja na nusu, msiache mchanga mtupu.

Kisha choo. Hakuna mtu wa miaka 70 atakayekaa uwanjani saa mbili pasipo na choo, na hakuna msichana aliye kwenye hedhi atakayekuja mahali pasipo na maji na mlango unaofungika. Kama uwanja hauna choo, ongeeni na shule, msikiti, kanisa au duka la jirani mpewe ruhusa kwa siku zenu, mkiwa na zamu ya usafi iliyoandikwa. Vikundi vingi huliacha hili mwisho kabisa, kisha vinashangaa kwa nini akina mama wanaondoka baada ya nusu saa.

Sasa saa. Jumamosi asubuhi mliyoichagua inawafunga Wasabato wote wa mtaa wenu. Jumapili asubuhi inawafunga wanaokwenda makanisani, na Ijumaa mchana haifai kwa Waislamu. Jioni, wasichana wa miaka 12 hadi 17 wako jikoni au kisimani wakati kaka zao wako uwanjani, na hii ndiyo sababu kubwa mnawaona wasichana wadogo wakicheza na wale wakubwa wametoweka. Jua la saa tano asubuhi ni hatari kwa ngozi ya mtu mwenye ualbino na linawachosha wazee. Kwa hiyo hakuna saa moja itakayowafaa wote, na msiitafute. Wekeni vipindi vitatu vifupi kwa wiki badala ya kimoja kirefu: kimoja alfajiri saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi siku ya kazi kwa wazee na wengine walio nyumbani, kimoja Jumapili saa 10 alasiri kwa familia nzima, na kimoja mnachopangiwa na wasichana wenyewe baada ya kuwauliza. Mbio zenu za Jumamosi ziendelee zilivyo.

Kuhusu vijana wa mpira, nawaomba sana: msiwafukuze. Uwanja huo umebaki wazi mpaka leo kwa sababu wao wapo kila jioni, la sivyo ungekuwa umeshajengwa vibanda. Kaeni na nahodha wao kabla hamjatangaza lolote. Ombeni Jumapili alasiri moja kwa wiki na kipande cha pembeni siku nyingine, na muwape kitu cha kushika: wao ndio wapige chaki mistari, wao ndio wawe waamuzi wa michezo ya watoto. Kijana aliyepewa filimbi na jukumu huulinda mchezo wa watoto kuliko mlinzi wa kulipwa.

Kuna jambo la kamati ambalo halikuwemo kwenye barua yako lakini ndilo litakaloamua kama programu itadumu. Kama kamati yenu ni nyie mnaokimbia tu, mtaendelea kupanga mambo ya wakimbiaji kwa nia njema kabisa. Mwingizeni mzee mmoja, mtu mwenye ulemavu mmoja au wawili, msichana mmoja na mama mwenye mtoto mdogo, na muwape kazi zenye meno. Mtu mwenye ulemavu anayeitwa kwenye mkutano ili picha ipendeze atakuja mara moja. Akiwa ndiye mweka hazina au mtunza funguo za stoo, atakuwepo hata nyie msipokuwepo.

Nije kwenye hofu ya wanachama wenu kwamba hakuna mtaalamu. Naielewa, na inatoka mahali pazuri, lakini tazameni linalotokea: kwa kuogopa kumuumiza mtu, tunamwacha ndani ambako misuli inakonda, viungo vinakakamaa na moyo unadhoofika. Kukaa tu kunaumiza pia, ila polepole. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake ya mazoezi mwaka 2020, kwa mara ya kwanza liliwaingiza watu wenye ulemavu waziwazi: kiwango kinachopendekezwa kwao kinafanana na cha wengine, kila mtu kwa uwezo wake. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke angalau siku tatu kwa wiki. Miongozo hiyohiyo inasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Mtaalamu wa kwanza wa mwili wa mtu ni mwenye mwili. Muulizeni: nini kinakuuma, nini usifanye, ukichoka tutajuaje? Wale wa kupita kituo cha afya kabla ya kuanza ni wenye shinikizo la damu ambalo halijatulia, wenye maumivu ya kifua, waliopata kiharusi karibuni, wenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa na wenye kidonda mguuni pamoja na kisukari. Wengine waanze taratibu leo. Uwanjani, mtu akipata kizunguzungu, kifua kikimbana au akishindwa kuvuta pumzi ya kuongea, anakaa kivulini na haombwi ajikaze. Wawili kati yenu wasomee huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo hayo, na muuguzi wa zahanati yenu pia anaweza kuwafundisha mambo ya msingi.

Michezo yenyewe sasa, na hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Usiwafikirie watu kwa ulemavu wao, kwamba huyu mchezo wake ni ule na yule wake ni huu. Tafuteni michezo ambayo bibi, mjukuu na kijana wa kitimwendo watacheza upande mmoja.

Wa kwanza ambao ningeanza nao ni boksia. Unachezwa kwenye Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, na watu wenye mtindio wa ubongo ndio waliotengenezewa tangu mwanzo. Kuna mpira mmoja mweupe wa kulengwa, mipira sita myekundu na sita ya buluu. Anayekaribia ule mweupe zaidi anapata pointi. Mipira rasmi ni ya ngozi na ina bei, lakini nyie mnaweza kushona mifuko ya kitenge chakavu, mkajaza mahindi au mchanga uliochekechwa hadi gramu 275, uzito wa mpira rasmi. Mifuko haiviringiki mbali, na hiyo inasaidia kwenye ardhi yetu isiyo sawa. Asiyeweza kurusha kwa mkono anatumia bomba: chukueni bomba la plastiki la maji taka, fundi alipasue katikati kwa urefu, mpate mfereji. Mchezaji anaelekeza mfereji kwa kichwa au kwa kumwambia msaidizi "kulia kidogo, inua", kisha anauachia mpira uteremke. Kwa mfereji tumieni mpira wa kweli wa kushona, kwa sababu mfuko utakwama. Msaidizi anaupa mgongo uwanja ili asimlengee mwenzake. Nimeona wazee wa kiume waliokuwa wamekaa pembeni kwa heshima zao wakisogea, wakaomba kujaribu, na mwisho wakabishana kwa sauti kuu nani yuko karibu.

Wa pili ni mpira wa wavu wa kukaa. Kiwanja rasmi ni mita 10 kwa 6, na ukingo wa juu wa wavu uko mita 1.15 kutoka chini kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Kamba iliyofungwa vitambaa inatosha. Wote wanakaa chini kwenye mikeka na hairuhusiwi kunyanyua makalio wakati wa kupiga. Hapo aliyekatwa mguu na mwenye miguu yote miwili wako sawa, na mara nyingi wa kwanza ndiye mwenye kasi kwa kuwa mikono yake imezoea kumbeba.

Kwa wasioona kuna golibo, mchezo ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani Ulaya. Watu watatu kila upande, wote wamefungwa macho, mpira una kengele ndani na mistari ya kiwanja ina uzi chini ya utepe ili mkono uipapase. Unahitaji sakafu, kwa hiyo ombeni ukumbi wa shule. Mpira wenu utengenezeni kwa njuga zile za ngoma: wekeni mpira laini ndani ya kijaruba cha wavu, mshone njuga nne au tano kuzunguka. Watazamaji lazima wanyamaze mpira unapotembea, na watoto hulipenda sana sharti hilo. Wote wakifungwa kitambaa, asiyeona ndiye mwalimu wao siku hiyo.

Msisahau yetu. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na asiyeona analicheza kwa kupapasa bila kubadilisha kanuni hata moja. Wekeni mbao mbili za bao chini ya mti na mtapata wazee bila kutangaza. Rede inambadilikia kila mtoto: mwenye kitimwendo anakuwa mrushaji, na anayekimbia polepole anapewa mlinzi wa kumkinga. Kwa mtoto kiziwi, filimbi haina kazi, kwa hiyo mwamuzi ashike kitambaa chekundu akiinue kila anapopuliza. Kwa wenye ualbino, ambao wengi hawaoni mbali, tumieni mpira wa rangi kali isiyofanana na udongo, na kofia pana na mikono mirefu viwe kawaida kwa wote ili asiwe yeye peke yake aliyejifunika. Watoto wenye usonji wengine huumizwa na muziki mkubwa, hivyo spika ielekezwe upande mmoja na upande wa pili wa uwanja ubaki wa kimya, wenye mkeka na vitu vya kuchezea.

Na kama kuna kijana anayetembea kwa magongo anayedhani mpira umemwisha, mwelezeni habari za Tembo Warriors. Timu hiyo ya taifa ya Tanzania ya wachezaji wenye ulemavu wa viungo ilicheza Kombe lao la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 ikafika robo fainali. Katika mpira huo, wachezaji wasio makipa hucheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa hutumia mkono mmoja, na gongo likigusa mpira kwa makusudi huhesabiwa kama kushika. Kijana huyo anaweza kufanya mazoezi kwenye uwanja huohuo wa kwenu.

Kwa wazee, msiwapangie kukimbia. Kukimbia ni kwenu. Wao wanahitaji kutoanguka, kwa sababu mzee akivunjika nyonga maisha ya nyumba nzima hubadilika. Leteni viti imara visivyo na magurudumu. Zoezi la kwanza: kukaa na kusimama polepole bila kushika, mara 8 hadi 10, na wanaoshindwa waanze kwa kushika. La pili: kusimama nyuma ya kiti, kunyanyua visigino na kushusha. La tatu: kusimama kwa mguu mmoja, vidole viwili vikigusa kiti, kuhesabu hadi kumi. La nne: kutembea kwa mstari, kisigino mbele ya vidole, jirani akiwa ubavuni. Dakika 25 zinatosha. Kisha ngoma. Waluguru wana ngoma zao na makabila mengine mtaani yana zao. Waachieni wazee wachague, kwani ngoma ina hatua za pembeni, kugeuka na kubadilisha uzito wa mwili, vitu ambavyo mimi hospitalini huvifundisha kwa shida na watu wakavichoka. Hata kahawa baada ya mazoezi ihesabuni kuwa sehemu ya programu, kwa sababu upweke nao unawatoa wazee nguvu.

Mazoezi ya kikundi si mageni kwetu. Zanzibar ina vikundi vya mazoezi mitaani vya miaka mingi, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa bonanza kubwa ambalo viongozi wa nchi hutembea nao. Kigali tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi ili watu watembee na kufanya mazoezi. Uwanja wenu ukijaa matope, hata kipande cha barabara ya ndani kinaweza kufungwa kwa saa mbili kwa kibali cha serikali ya mtaa na polisi.

Kabla ya watoto kuanza kuja kwa wingi, wekeni kanuni za ulinzi wao, zikiandikwa na kubandikwa. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Siku zote wawe wawili. Kila anayesimamia watoto awe anafahamika na ofisi ya mtaa kwa jina na makazi. Mzazi asaini anapomleta mtoto, na mtoto asikabidhiwe kwa mtu asiyeandikwa. Watoto wenye ulemavu wa akili na viziwi wako kwenye hatari zaidi ya kudhulumiwa, kwa sababu mdhalimu hudhani hawatasema au hawatasadikiwa, kwa hiyo mchagueni mtu mmoja, mwanamke mwenye msimamo, ambaye kila mtoto anajua anaweza kumwendea. Na picha: msirushe mtandaoni picha ya mtoto au ya mtu mwenye ulemavu bila ridhaa. Wengi wamechoka kupigwa picha kama mfano wa huruma.

Upande wa ofisi, nitapita haraka. Mpeni taarifa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa barua, nakala kwa mtendaji wa kata. Waoneni afisa michezo, afisa maendeleo ya jamii na afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Muombe idara ya mipango miji iwaonyeshe kwenye ramani kama kiwanja hicho kimetengwa kuwa eneo la wazi, kwa sababu bila hilo mnapanda miti kwenye ardhi ya mtu. Klabu ya michezo husajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mkikutana na afisa anayeona hili ni jambo la hisani, mkumbusheni kwa adabu kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja michezo na burudani waziwazi. Mwaka 2010 nchi ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Haki ya mtoto kucheza iko kwenye ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto.

Pesa basi. Mpangilio wangu wa matumizi ni huu: zege la mtaro, kivuli, maji ya kunywa, viti na sanduku la huduma ya kwanza, kisha mipira, na fulana zije mwisho kama zitakuja. Kivuli cha haraka ni turubai kwenye nguzo nne, na siku hiyohiyo pandeni miarobaini upande wa magharibi, jua la alasiri linakotokea. Kwa zege, mwombeni mwenye duka la vifaa vya ujenzi mifuko ya saruji badala ya fedha taslimu, kwani ni rahisi kwake kutoa na ni rahisi kwenu kuonyesha ilikokwenda. Msichukue mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya programu hii. Ile ni mikopo isiyo na riba ya vikundi vya uzalishaji, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na lazima irejeshwe. Boksia haizalishi pesa ya marejesho. Wanachama wenye biashara ya juisi au uji uwanjani wanaweza kuuomba kwa biashara yao, hilo ni jambo jingine.

Kuhusu ada, nyie wanachama wa mbio endeleeni kuchangia kama mnavyochangia. Kwa wengine wote msitoze kitu. Hata shilingi 500 ni kikwazo kwa bibi anayelea wajukuu wanne, na hatasema kuwa ndiyo sababu, ataacha tu kuja. Wekeni boksi lililofungwa karibu na maji, anayeweza atumbukize, na mweka hazina asome hesabu hadharani kila mwisho wa mwezi.

Anzeni Jumapili ijayo na watu kumi mliowafuata nyumbani, mifuko 13 ya boksia na mikeka. Wekeni daftari moja la mahudhurio lenye umri, jinsia na nyumba ya mtu, na baada ya miezi mitatu lisomeni mkitafuta majina yaliyoacha kutokea, kisha mrudi kwenye nyumba hizo na maswali yaleyale matatu. Mkiwahi kumaliza zege la mtaro kabla ya masika ya Machi itakuwa vizuri, maana mvua zikishaanza, mtaro ule utakuwa mto na fundi hatakubali kumwaga.